Photoshop Inaganda kwa RAM Ndogo: Anza na Faili, Dukani Utaenda Mwisho

Msimu mmoja wa mahafali ya kidato cha nne nilipokea kazi ya bango la mita 3 kwa 2: nembo ya shule juu, jina la shule katikati, na picha za wahitimu 40 zikizunguka pembezoni. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 8. Hadi picha ya kumi na mbili mambo yalikwenda vizuri. Kufika ya kumi na tano, nikivuta leya inachukua sekunde kadhaa ndipo isogee. Ya ishirini na mbili, Photoshop ikaandika kwamba haiwezi kuendelea, "scratch disks are full", na mwalimu aliyetumwa na shule yuko kwenye benchi ananitazama. Bango lile lilitoka usiku wa manane.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti kama kile. Kila atakayemuuliza atamwambia aongeze RAM. Si ushauri wa uongo, ila unapaswa kuja mwisho. Bango la aina ile ile nimeshalitengeneza mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye mashine ile ile, kabla sijaongeza hata GB moja. Tatizo lilikuwa kwenye faili nililolifungua mwenyewe.

Nitazungumzia Photoshop kwenye Windows, maana ndiyo iliyojaa kwenye ofisi zetu za uchapaji. CorelDRAW, Illustrator na GIMP nitazigusa baadaye.

Kwanza, elewa kompyuta inafanya nini inapoganda

Ukienda Kariakoo utaona fremu za maduka ni ndogo. Mbele zimepangwa sampuli, mzigo wenyewe uko stoo, pengine mtaa wa pili. Ukitaka kiatu namba 42 na hakipo pale, kijana anatumwa stoo nawe unasubiri. RAM ni fremu, diski ni stoo. Picha unayoifanyia kazi ikienea ndani ya RAM, kila kitu kiko mkononi mwa muuzaji. Isipoenea, Photoshop inahamishia sehemu yake kwenye diski, kwenye eneo inaloliita scratch disk, na kila ukigusa leya iliyopelekwa huko inabidi ifuatwe na kurudishwa. Kuganda unakokuona ni safari hizo za stoo.

Kwa hiyo kuna njia tatu tu za kupata nafuu: punguza mzigo, mpe kijana pikipiki, au panua fremu. Tutakwenda kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ya kwanza haina gharama na ya mwisho ndiyo yenye bei.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Fungua faili linalokusumbua. Chini kushoto kwenye dirisha la picha, pale panapoandikwa ukubwa wa faili, kuna kishale kidogo. Kibofye uchague Efficiency. Namba ikiwa 100%, kazi yote inafanyika ndani ya RAM. Ikishuka chini ya hapo, Photoshop imeshaanza kwenda stoo, na kadiri inavyozidi kushuka ndivyo unavyozidi kusubiri. Fanya kazi kama kawaida kwa dakika kumi hivi huku ukiitupia jicho.

Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, nenda Performance, halafu Memory. Hapo utaona RAM yote, iliyotumika na iliyobaki.

Usiiruke hatua hii. Ikiwa Efficiency iko 100% na mashine bado ni nzito, tatizo liko kwingine: joto limezidi na kompyuta imejipunguzia kasi, draiva ya kadi ya picha ni ya zamani, au prosesa yenyewe imechoka. Nimeona watu wakinunua RAM wakati feni ilikuwa imezibwa na vumbi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya faili lako

Hapa ndipo penye dawa, kwa hiyo twende taratibu.

Uzito wa picha ndani ya RAM ni pikseli za upana, mara pikseli za urefu, mara idadi ya chaneli za rangi. RGB, rangi za skrini, ina chaneli 3, CMYK, rangi za wino wa kuchapia, ina 4, na kila chaneli inachukua baiti 1 kwa kila pikseli kama picha ni ya biti 8. Ikiwa ya biti 16, zidisha mara mbili.

Turudi kwenye bango langu. Nilifungua faili jipya, nikaweka mita 3 kwa 2, nikaandika 300 kwenye Resolution, yaani pikseli kwa kila inchi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: kazi ya kuchapa ni 300. Mita 3 ni inchi 118.11. Mara 300, unapata pikseli 35,433. Mita 2 zinatoa pikseli 23,622. Zidisha: pikseli milioni 837. Kwa RGB hiyo ni kama GB 2.5, kwa CMYK ni zaidi ya GB 3.3. Na hiyo ni leya moja tu iliyojaa, kabla sijaweka picha ya mwanafunzi hata mmoja. Ukitoa sehemu inayotumiwa na Windows yenyewe kwenye GB 8, utaona kwamba sikuwa na pa kupumulia tangu mwanzo.

Tena faili la namna hiyo haliwezi hata kuhifadhiwa kama PSD ya kawaida, ambayo mwisho wake ni pikseli 30,000 kwa kila upande. Photoshop itakulazimisha utumie PSB, aina yake ya faili kwa picha kubwa mno. Ukiona inakudai PSB kwa bango la mahafali, simama, rudi kwenye hesabu.

Sasa weka 100 badala ya 300. Pikseli zinakuwa 11,811 kwa 7,874, yaani milioni 93. Kwa RGB ni MB 279. Umepunguza mara tisa, kwa sababu ukigawa rezolusheni kwa tatu unapunguza upana mara tatu na urefu mara tatu pia.

Je, bango halitatoka na ukungu? Inategemea linatazamwa kutoka wapi. Jicho zima la binadamu hutenganisha nukta mbili zikiwa na pembe ya kama dakika moja kati yake, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiigeuza pembe hiyo kuwa hesabu ya kazini, gawanya 8,700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, utapata pikseli kwa inchi ambazo jicho lake linaweza kuzitofautisha. Kadi ya harusi hushikwa mkononi, sentimita 30 hivi: 8,700 gawanya kwa 30 ni 290. Ile 300 ya darasani inakaribiana na hiyo, ni ya vitu vya kushika mkononi. Mtu aliyesimama mita 1 kutoka kwenye bango anahitaji 87. Aliyeko mita 3, anahitaji 29 tu. Kwa bango la ukumbini, 100 inatosha na kuzidi, hata wahitimu wakilisogelea kupiga nalo picha. Bango la barabarani linaloning'inia juu linaweza kushuka chini zaidi. Muulize operata wa mashine utakayochapia anapendelea ngapi, kwa kuwa ndiye anayeyaona matokeo kila siku.

Maandishi yaache yabaki maandishi, usiyageuze kuwa picha. Ukitoa kazi kwa PDF, herufi zinabaki na mistari yake safi hata kama picha za nyuma yake ni za 72.

Kama tayari unalo faili la 300, hifadhi nakala kwa jina jingine kwanza. Kisha nenda Image, Image Size, hakikisha Resample imewekewa tiki, andika 100. Kwenye kidirisha hicho kuna alama ya gia juu kulia. Ibofye uone kama Scale Styles imewashwa. Isipowashwa, vivuli na mistari ya pembeni ya herufi vitabaki na vipimo vya zamani, na jina la shule litaonekana limevimba.

Hatua ya 3: Punguza picha kabla hazijaingia

Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwenye folda unaiona ni JPEG ya MB 8, unadhani ni nyepesi. Lakini JPEG imekunjwa kama shuka ndani ya sanduku. Photoshop inapoifungua inaikunjua yote: milioni 24 mara 3, MB 72. Wahitimu 40 mara MB 72 ni karibu GB 2.9. Na kwenye bango kila mmoja alikuwa na upana wa kama sentimita 18 tu, ambazo kwa rezolusheni ya 100 ni pikseli 709.

Kazi ya kuzipunguza si lazima uifanye moja moja. Ndani ya Photoshop nenda File, Scripts, Image Processor. Chagua folda ya picha, weka tiki kwenye Save as JPEG, ubora 10, kisha Resize to Fit, upana 800 na urefu 1,200. Itaunda folda ndogo yenye nakala zilizopungua, na picha zako halisi hazitaguswa. Picha 40 za pikseli 800 kwa 1,200 zikikunjuliwa zinachukua kama MB 115 kwa jumla. Kutoka GB 2.9 hadi MB 115, na kwenye bango lililochapwa hakuna mzazi atakayeona tofauti.

Kuna mtego mwingine hapa. Ukivuta picha kutoka kwenye folda ukaidondosha ndani ya bango, kwa kawaida Photoshop huiweka kama Smart Object. Maana yake picha nzima ya awali inabebwa ndani ya faili hata kama umeiminya ikawa kama stempu. Smart Object ni nzuri sana kwa nembo na kwa kitu ambacho mteja atakibadilisha mara tano. Kwa picha ya mwanafunzi iliyoshapangwa mahali pake, bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Rasterize Layer. Jua tu kwamba baada ya hapo ukitaka kuikuza tena itapoteza ubora, itabidi uiingize upya.

Mengine ni ya haraka. Angalia Image, Mode: kama imeandikwa 16 Bits/Channel na huna sababu maalumu, shusha iwe 8. Leya ulizokwisha kuzimaliza ziunganishe, ukiwa na nakala pembeni. Zile leya za majaribio ulizozificha kwa kuzima jicho nazo zina uzito wake, kwa hiyo zifute. Kama mashine ya kuchapia inadai CMYK, fanya kazi kwa RGB na ugeuze mwishoni, huku ukikagua rangi njiani kwa Ctrl+Y ili bluu ya shule isije ikakushangaza.

Hatua ya 4: Rekebisha mipangilio ya Photoshop

Bonyeza Ctrl+K, nenda Performance.

Kwenye Memory Usage utakuta Photoshop imeruhusiwa kutumia 70% ya RAM iliyopo, na pembeni imeandikwa kiwango inachokiona kinafaa. Unaweza kupandisha hadi 80 au 85. Usivuke hapo. Nimewahi kukuta mashine imewekwa 100%, na mwenye mashine analalamika kuwa ndiyo imezidi kuwa nzito. Ni lazima iwe hivyo: Windows ikinyimwa nafasi, nayo inaanza kupeleka vitu vyake kwenye diski, na sasa wanaokwenda stoo wanakuwa wawili wanaopigana vikumbo mlangoni.

History States ni idadi ya hatua unazoweza kurudi nyuma. Matoleo ya miaka ya karibuni huja na 50. Weka 20. Ukipiga brashi kidogo, hatua hiyo inahifadhi sehemu ndogo tu. Lakini ukipitisha filta juu ya leya nzima ya bango, Photoshop inaitunza leya yote kama ilivyokuwa. Filta tano juu ya faili kubwa, umeshajaza RAM bila kuongeza kitu kinachoonekana.

Cache Levels ni idadi ya nakala zilizopunguzwa ambazo Photoshop huzitunza ili kuionyesha picha haraka, na huja ikiwa 4. Kwa mafaili makubwa yenye leya chache, 6 inasaidia picha ionekane haraka unapokuza na kupunguza. Kwa mafaili madogo yenye leya nyingi, 2 inafaa zaidi. Mabadiliko ya RAM na ya cache yanahitaji ufunge Photoshop na kuifungua tena.

Kazi ikianza kuwa nzito katikati, nenda Edit, Purge, All. Inafuta kumbukumbu za hatua na vitu ulivyonakili. Hairudishiki, na inagusa mafaili yote uliyoyafungua, kwa hiyo hifadhi kwanza. Na kitu kikubwa kikitakiwa kwenda faili jingine, kivute kwa kipanya badala ya Ctrl+C na Ctrl+V, maana unachonakili kinaendelea kukaa kwenye RAM hata ukishakisahau.

Hatua ya 5: Ipatie Photoshop stoo nzuri

Bado kwenye Ctrl+K, nenda Scratch Disks. Utaona orodha ya diski zako. Kama kuna SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na ile ya zamani ya kuzunguka, weka tiki kwenye SSD na uipandishe juu. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. SSD ya SATA hufika kama MB 500, na kwa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo hasa Photoshop inavyovifuata, tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Huyu ndiye kijana wa pikipiki.

Usitumie fleshi kama scratch disk. Ni ya polepole, na ikichomoka katikati ya kazi umepoteza kazi.

Hakikisha diski hiyo ina nafasi tupu ya kutosha. Mimi siruhusu yangu ishuke chini ya GB 40. Ukikutana na ule ujumbe wa scratch disks are full na programu inakataa hata kufunguka, shikilia Ctrl+Alt wakati unaifungua. Itakuuliza uchague diski nyingine kabla ya kuendelea. Pia Photoshop ikizimika ghafla, umeme ulipokatika kwa mfano, huacha mafaili yake ya muda nyuma. Ifunge kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, tafuta mafaili yanayoanza na Photoshop Temp, futa. Niliwahi kurudishiwa GB 30 kwa njia hiyo.

Hatua ya 6: Ondoa wageni

Rudi Task Manager, safari hii kwenye Processes, bofya neno Memory ili watumiaji wakubwa wapande juu. Mara nyingi wa kwanza ni kivinjari chenye vichupo 30, anafuatia WhatsApp ya kompyuta na kicheza muziki. Vifunge unapofanya kazi nzito. Kwenye Startup apps zima visivyo na ulazima wa kuwaka pamoja na mashine.

Fonti nazo ni mzigo. Ofisi nyingi zimekopiana fonti elfu kadhaa, zote zimesakinishwa. Tunza folda yako pembeni, usakinishe unazotumia.

Programu zinazojitangaza kwamba zinasafisha RAM ziache. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu nyingine zihamie kwenye diski ili ile namba ionekane nzuri, na ukizigusa zinarudi kwa kujivuta. Virtual memory ya Windows nayo iache ijipangie yenyewe.

Kama hutumii Photoshop

Kwenye CorelDRAW, View, Wireframe inaonyesha mistari tu bila rangi, na kupanga vitu kunakuwa kwepesi hata faili likiwa zito. Illustrator ina Ctrl+Y kwa kazi hiyo hiyo, na picha ni bora uziingize kwa Place huku Link ikiwa na tiki. Wenye GIMP waende Edit, Preferences, System Resources, waangalie Tile cache size, kiwango cha RAM ambacho GIMP imeruhusiwa kutumia kwa picha. Hesabu ya hatua ya 2 ni ile ile kote.

Hatua ya 7: Sasa nenda dukani

Umefanya yote hayo, na Efficiency bado inashuka kwenye kazi zako za kila siku. Basi mashine ni ndogo kweli. Kama una RAM ya GB 4, anza na RAM. Kama una GB 8 na diski ya kuzunguka, ningeanza na SSD, kwa sababu itaharakisha hata kuwasha mashine na kufungua mafaili. Ukiwa na uwezo wa vyote, GB 16 na SSD zitabeba karibu kila kazi ya ofisi ya kawaida ya uchapaji.

Kabla ya kutoka, fungua Task Manager, Performance, Memory, usome Slots used. Ikisema 1 of 2, kuna tundu la wazi. Baadhi ya laptopu nyembamba RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiongezeki, kwa hiyo mwombe fundi afungue kifuniko aone kabla hujalipa chochote. Soma lebo ya RAM iliyomo. PC4 ni DDR4, PC3 ni DDR3, vizazi viwili tofauti vya RAM, na haziingiliani, mkato wake uko mahali tofauti. Zingatia herufi L kwenye PC3L: hiyo hutumia volti 1.35, na laptopu iliyotengenezwa kwa ajili yake pekee inaweza isiwake ukiipa PC3 ya volti 1.5. Zikiwa mbili, za ukubwa sawa ni bora, kwa kuwa prosesa huzisoma kwa pamoja.

RAM mbovu ni hatari kuliko RAM ndogo, inaharibu mafaili kimyakimya. Nenda na laptopu yenyewe, pamoja na lile bango zito lililokutesa. Fundi akishafunga, washa, hakikisha Task Manager inaonyesha jumla sahihi. Kisha kitufe cha Windows na R, andika mdsched, ruhusu mashine ijiwashe upya na kujipima. Inachukua muda, kaa usubiri pale pale. Ikimaliza bila kosa, fungua bango, pitisha filta moja nzito juu ya leya kubwa, utazame ile namba ya chini kushoto. Ikibaki 100%, mlipe.